Kiti Lindoni: Haki za Mwanajeshi Mstaafu Mwenye Ulemavu Kazini

Hotuba ya wakili kwa wanajeshi wastaafu, familia zao na waajiri, Mtwara Mjini

Mheshimiwa mgeni rasmi, wazee wetu wa jeshi, mama zangu mlioambatana nao, ndugu waajiri mlioitikia mwaliko, wasaidizi wa kisheria mliotoka wilayani, mabibi na mabwana. Assalaam alaikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie msaada wa kisheria kwa mwanajeshi aliyevua magwanda akiwa na ulemavu, akapata kazi uraiani, na huko kazini ananyimwa marekebisho madogo yanayomwezesha kuifanya kazi hiyo. Nitasema mengi, lakini ninalotaka mtoke nalo hapa ni hili: omba kwa maandishi, na uombe ukiwa bado kazini. Mengine yote nitakayosema yanategemea hapo.

Hapa kusini hatuhitaji kuelezwa vita ni nini. Mto Ruvuma hauko mbali. Nachingwea walifunzwa wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, na vijiji vyetu vya mpakani vilionja mabomu ya Mreno kabla Msumbiji haijapata uhuru wake Juni 25, 1975. Pale Naliendele wamelala wanajeshi wetu waliofia Msumbiji, na kila Julai 25, Siku ya Mashujaa, nchi nzima inawakumbuka wenzao wote. Ukiacha huko, kuna wazee humu waliokwenda Kagera 1978 na kurudi 1979. Na kuna vijana, mimi nawaita vijana ingawa wana wajukuu, waliokwenda kulinda amani nje ya nchi. Julai 13, 2013 kule Darfur, Sudan, askari wetu 7 waliuawa. Desemba 7, 2017 kambi yetu ya Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa, wakauawa wasiopungua 14 na wengine wengi wakajeruhiwa. Miaka ya karibuni wengine walivuka Ruvuma kwenda Cabo Delgado, Msumbiji.

Waliokufa tunawawekea mashada. Waliorudi na goti bovu, sikio lisilosikia, mkono usiokunja ngumi, tunawapangia lindo la usiku. Hao ndio walionileta hapa.

Semeni ukweli wenu, mwanajeshi akitoka jeshini hapa kwetu anaajiriwa wapi? Wengi wenu mtajibu: ulinzi. Ghala la korosho, benki, kiwanda, hoteli, yadi ya malori. Wengine ni madereva, mafundi, watunza stoo. Wengi hutoka jeshini wakiwa bado na nguvu na watoto shuleni, kwa hiyo kazi ya pili haina hiari, ndiyo inayolipa ada. Mwajiri naye anawapenda kwa sababu mna nidhamu, hamchelewi, na silaha mnaijua. Anachokisahau ni kwamba nidhamu hiyo mmeilipia kwa miili yenu.

Nitawaeleza habari ya mzee mmoja. Ameniruhusu kuieleza bila kumtaja jina wala kuitaja kampuni. Alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala la korosho. Goti lake la kulia lina vipande vya chuma ambavyo madaktari waliona heri vibaki kuliko kuvitoa. Anatembea vizuri tu. Ukimwona barabarani huwezi kujua. Akisimama muda mrefu goti linavimba, na ikifika saa tisa usiku hawezi hata kulikunja. Alimwambia msimamizi wake. Msimamizi akamjibu kwamba lindo halina kiti, na kwamba ameajiriwa kusimama. Alimwambia tena msimu ulipochanganya, Novemba, malori yanaingia usiku kucha. Jibu likawa lile lile.

Basi akafanya ambalo mtu yeyote angefanya. Akachukua ndoo tupu ya rangi, akaigeuza, akawa anakaa robo saa, anasimama, anazunguka ghala, anarudi kukaa. Usiku mmoja msimamizi akapita na simu, akapiga picha. Asubuhi ikatoka barua ya onyo: “kukaa lindoni wakati wa kazi.” Baada ya wiki chache onyo la pili. Halafu akaitwa ofisini, akaambiwa kwa upole kabisa, kama anavyoshauriwa mzee: andika barua ya kuacha kazi mwenyewe, tukulipe chako vizuri, tusiharibiane.

Kalamu alikuwa ameshaishika. Kilichomwokoa ni kwamba alisema ngoja nikamwambie mama watoto. Na mama watoto, Mungu ambariki, hakukubali. Alikwenda kwa msaidizi wa kisheria wa kata yao, akiwa na bahasha ya kaki yenye kila karatasi ya mumewe tangu jeshini.

Sasa hebu tuiangalie sheria inasemaje.

Jambo la kwanza ambalo wazee wengi hawalijui: ukiwa ndani ya jeshi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuhusu. Kifungu cha 2 kinawaweka kando walio katika Jeshi la Wananchi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyinyi mna taratibu zenu. Lakini siku unapovua magwanda na kusaini mkataba na kampuni ya ulinzi, sheria hiyo inakuvaa yote, mwanzo hadi mwisho. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewasikia wazee wakisema “sisi tuna sheria zetu za kijeshi.” Ulikuwa nazo, mzee wangu. Leo wewe ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kinakataza ubaguzi kazini, na ulemavu umetajwa humo kwa jina lake. Kikaenda mbali zaidi: mfanyakazi akionyesha dalili za awali kwamba amebaguliwa, mzigo unahamia kwa mwajiri, yeye ndiye athibitishe kwamba hakubagua. Mwajiri naye ana kinga yake, na ni haki tuitaje: si ubaguzi kumkataa mtu kwa sababu ya sifa ambayo kazi yenyewe haiwezi kufanyika bila hiyo. Dereva lazima aone. Lakini je, mlinzi wa ghala lazima asimame kwa muda wa saa 12? Au lazima alinde? Swali hilo ndilo linaloamua kesi nyingi za namna hii, na jibu lake halipatikani kwa kuangalia desturi ya kampuni. Linapatikana kwa kuangalia kazi yenyewe.

Kisha ipo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Ilikuja mwaka uliofuata baada ya Tanzania kuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, Novemba 2009. Mkataba huo unasema wazi kwamba kumnyima mtu mwenye ulemavu marekebisho yanayofaa, ambayo hayamwelemei mwenye kuyatoa kupita kiasi, ni aina ya ubaguzi. Msikilize vizuri hapo. Si lazima mtu akutukane. Si lazima akuite majina. Akikunyima kiti ambacho angeweza kukupa, amekubagua. Sheria yetu ya 2010 nayo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi kuhakikisha watu wenye ulemavu hawapungui asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Waajiri mliopo, mkitafuta hiyo asilimia 3 mnahangaika hadi Dar es Salaam, na huku mnao tayari malindoni, mnawaandikia maonyo.

Na kuna karatasi ya tatu, ambayo mimi binafsi naiona ndiyo yenye meno kuliko zote kwa kesi kama ya mzee wetu: Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007. Humo mwajiri anaelekezwa nini cha kufanya kabla ya kumwachisha kazi mtu kwa sababu ya ugonjwa au jeraha. Aangalie chanzo cha tatizo. Aangalie ukubwa wake, na kama ni la muda au la kudumu. Aangalie kama anaweza kulibeba kwa kurekebisha kazi au mazingira. Azungumze na mfanyakazi. Atafute njia nyingine kabla ya kufikia kumwachisha. Kumwachisha ni hatua ya mwisho, baada ya hizo zote kushindikana na kuandikwa.

Mwajiri mmoja aliniambia: “Lakini huyu ana pensheni yake ya jeshi, hawezi kulala njaa.” Nitajibu hapa hapa kwa faida ya wote. Ni kweli kwamba kanuni zinataja pensheni au fidia kama jambo mojawapo la kuangaliwa. Mojawapo. Haijasemwa popote kwamba mwenye pensheni anyimwe kiti. Pensheni ni malipo ya utumishi alioutoa kule. Mshahara ni malipo ya usiku anaoukesha kwako.

Sasa nirudi kwenu, makamanda. Mnajua kwa nini watu wenye haki nzuri hivi wanapoteza kesi? Wananyamaza. Mmefundishwa kutii kwanza. Mmefundishwa kwamba maumivu ni ya kwako na kazi ni ya kikosi. Mtu aliyetembea siku nzima na mzigo mgongoni chini ya mvua anaona aibu kumwambia kijana wa miaka 28, ambaye hajawahi kushika hata gobole, “mwanangu, goti linaniuma.” Naiheshimu sana hiyo tabia, imetulinda sisi sote. Lakini kwenye meza ya usuluhishi, kimya chako kinasomwa kwamba tatizo halikuwepo. Mwajiri atasema: sikuambiwa. Na kama hujaandika, neno lake litakuwa na uzito sawa na la kwako.

Barua si malalamiko, na wala si kuomba huruma. Barua inamtaarifu mwajiri, na akishataarifiwa ana wajibu. Mzee wetu aliandikiwa barua fupi na msaidizi wa kisheria, kwa mkono, kwenye karatasi ya daftari. Nitaisoma, kwa sababu sijaona barua nzuri kuliko hiyo hata kutoka kwa mawakili wenzangu:

“Mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku katika ghala. Goti langu la kulia lilijeruhiwa nikiwa jeshini, na siwezi kusimama zaidi ya nusu saa mfululizo. Naomba kiti lindoni, au nihamishiwe lindo la getini ambako kuna benchi. Kazi zangu nyingine zote naendelea nazo kama kawaida. Naambatisha taarifa ya daktari. Naomba nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku saba.”

Basi. Hakueleza vita. Hakulaumu mtu. Amesema kazi yake, tatizo lake, anachotaka, njia mbadala, na muda wa kujibiwa. Nakala moja ikapigwa muhuri wa kupokelewa, akabaki nayo. Wakikataa kugonga muhuri, mpe mbele ya shahidi, uandike tarehe na jina la aliyepokea. Ukituma kwa WhatsApp au kwa barua pepe pia inafaa. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ushahidi wa aina hiyo unapokelewa. Ila usifute simu yako, na usimpe mjukuu aichezee akakufutia.

Neno kuhusu taarifa ya daktari. Ukienda Ligula, au hospitali ya kanda kule Mitengo, au Sokoine kwa ndugu zetu wa Lindi, au Ndanda, usiridhike na karatasi iliyoandikwa jina la ugonjwa peke yake. Mwajiri hajui Kilatini cha goti lako. Mwombe daktari aandike unaweza nini na huwezi nini: anaweza kutembea, hawezi kusimama zaidi ya nusu saa, anaweza kubeba kilo kumi, hawezi kupanda ngazi, anasikia akiongeleshwa ana kwa ana, hasikii redio ya upepo. Karatasi ya namna hiyo inamwonyesha mwajiri pa kurekebisha.

Nimetaja redio makusudi. Mabomu na mizinga yameondoa masikio ya watu wengi humu. Mlinzi asiyesikia redio anaandikiwa kwamba amelala au amedharau wito. Dawa yake ni simu inayotetema, au taa, au kupangwa na mwenzake anayesikia. Mwenye mguu wa bandia anahitaji ruhusa ya kwenda kuurekebisha, na lindo lisilo na ngazi. Mwenye kiti mwendo anaweza kukaa kwenye chumba cha kamera akaona zaidi ya walinzi wanne wa nje. Haya yote gharama yake ni ndogo kuliko gharama ya kumwajiri na kumfundisha mtu mpya.

Kuna majeraha mengine ambayo hayamo kwenye picha ya eksirei. Mtu anaruka usingizini. Tairi la lori likipasuka barabarani analala chini. Anakaa wiki nzima hasemi na mtu nyumbani. Mama zangu mnajua ninachosema. Nyinyi ndio mnaokesha nao. Huyo naye ana haki zile zile. Ulemavu wa akili na wa hisia ni ulemavu, na marekebisho yake yapo: kutopangiwa usiku mfululizo, kutowekwa peke yake, ruhusa ya kwenda kliniki. Najua neno “kliniki ya akili” linawachoma watu. Lakini bila karatasi ya daktari, sisi wanasheria mikono yetu imefungwa, na mwajiri anaandika “mlevi” au “mkorofi” na jalada linafungwa.

Tukiri pia kwamba si kila ombi linakubaliwa. Kama kampuni ni ndogo kweli, ina malindo mawili na yote yanataka mtu wa kutembea usiku kucha, mwajiri anaweza kuonyesha kwamba hana namna. Lakini aonyeshe. Afanye hesabu, azungumze, aandike. Anachokatazwa ni kusema “haiwezekani” kabla hajajaribu.

Sasa, umeandika, umenyamaziwa, au umeachishwa. Unakwenda wapi?

Unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tuliyozoea kuiita CMA. Ofisi ipo hapa Mtwara. Hulipii ada kufungua mgogoro. Unajaza fomu namba moja, unampelekea mwajiri nakala kwanza, unapata uthibitisho kwamba amepokea, ndipo unaiwasilisha Tume. Na hapa naomba wazee wote mnisikilize, hata waliosinzia kwa joto: kama umeachishwa kazi, una siku 30 tu tangu kuachishwa. Kama mgogoro ni wa aina nyingine, mfano unanyimwa marekebisho na bado uko kazini, una siku 60. Ukipitisha, unatakiwa uombe kuongezewa muda na utoe sababu za msingi, na “nilikuwa nasubiri meneja arudi safari” mara nyingi haitoshi. Watu wanapotezwa na ahadi. Wanaambiwa njoo wiki ijayo, njoo mwisho wa mwezi, mpaka siku ya 31 imepita. Subiri ahadi huku fomu ikiwa Tume.

Tume inaanza na usuluhishi, na sheria imeupa siku 30. Ukishindikana, shauri linakwenda kwenye uamuzi, ambapo ushahidi unatolewa kwa kiapo. Asiyeridhika ana wiki 6 za kwenda Mahakama Kuu kuomba mapitio. Mbele ya Tume huhitaji lazima kuwa na wakili. Sheria inakuruhusu kuwakilishwa na kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi, au mwakilishi uliyemchagua mwenyewe. Na Kiswahili ndiyo lugha. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na vyombo vya kutoa haki, kwa hiyo asikutishe mtu kwa Kiingereza.

Nitaje mitego miwili. Wa kwanza ni ile barua ya kuacha kazi kwa hiari. Sheria inamtambua mtu aliyelazimika kuacha kwa sababu mwajiri ameyafanya maisha ya kazini kuwa hayavumiliki. Huyo anahesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini kuthibitisha hilo ni kazi ngumu sana kama barua yako inasema “naacha kwa hiari yangu, nashukuru kwa ushirikiano.” Usiisaini. Mtego wa pili ni muda wa kazi: mwenye chini ya miezi 6 kazini hawezi kudai kuachishwa isivyo halali kwa utaratibu wa kawaida. Makampuni mengine yanajua hilo, yanakuondoa ukiwa na miezi mitano. Ila ulinzi dhidi ya ubaguzi haukusubiri miezi 6, unaanza hata kwenye tangazo la kazi. Kwa hiyo ukija kwetu na miezi minne, usidhani tutakurudisha nyumbani.

Kwa walio kwenye ajira ya umma, halmashauri, bandari, shule, njia yenu ni tofauti kidogo. Mnatakiwa kwanza kumaliza ngazi za ndani ya utumishi wa umma, hadi Tume ya Utumishi wa Umma, kabla ya kugusa njia hii ya CMA. Ukiruka ngazi, shauri linatupwa bila hata kusikilizwa. Njooni tuwaelekeze kabla ya kufungua chochote.

Na ambaye hana nauli wala ada ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua rasmi watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Kama mtu anakudai “hela ya fomu,” huyo si msaidizi wa kisheria. Ofisi za halmashauri zinawajua waliosajiliwa katika wilaya zenu, muwe Newala, Tandahimba, Masasi au Nanyumbu. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imewafikisha wanasheria hadi vijijini. Ikipita kwenu, pelekeni na masuala ya kazi, si ya ardhi na mirathi peke yake. Vyama vya watu wenye ulemavu navyo vipo. Najua baadhi yenu mnasema, “Mimi si mlemavu, mimi ni mwanajeshi.” Baba yangu, sheria inakuruhusu uwe vyote viwili, na kujiunga nao hakupunguzi cheo chako.

Wenzetu wa Marekani wamepigania jambo hili muda mrefu. Wana sheria ya mwaka 1990 inayomlazimu mwajiri mwenye wafanyakazi 15 na zaidi kumfanyia mtu mwenye ulemavu marekebisho yanayofaa, na nyingine ya 1994 inayomlinda anayerudi kazini kutoka jeshini, pamoja na aliyepata ulemavu huko. Nilichopenda kwao ni utaratibu mmoja: mfanyakazi akishasema ana tatizo, pande mbili zinakaa kuzungumza mpaka zione kipi kinawezekana, na mwajiri anayekwepa mazungumzo hayo anajiweka pabaya. Kanuni zetu za 2007 nazo zinataka mazungumzo. Tofauti ni kwamba kule mfanyakazi anajua, na sisi tunajulishana hapa leo.

Ndugu waajiri, kwenu nina ombi fupi. Mkirudi ofisini, mtajeni mtu mmoja anayepokea maombi haya, na mpeni uwezo wa kuamua kuhusu vitu vidogo. Mzee asipelekwe kwa msimamizi, msimamizi kwa meneja, meneja kwa makao makuu Dar, kwa ajili ya kiti cha plastiki kinachouzwa hapo sokoni. Na acheni kuwaandikia watu onyo kwa kosa ambalo ni dalili ya jeraha. Kabla ya kusaini onyo la “kukaa,” “kutosikia,” “kuchelewa kupanda ngazi,” muulizeni kwanza mhusika ana nini. Swali hilo mkiliuliza mapema, hatutakutana Tume.

Mzee wetu aliachishwa hata baada ya ile barua, kwa maelezo kwamba ameshindwa kazi. Alikwenda Tume ndani ya muda. Jalada la kampuni lilikuwa na maonyo yote, na picha ya ndoo, lakini halikuwa na karatasi hata moja ya kuijibu barua yake, wala kuonyesha kwamba kuna aliyewahi kufikiria lindo lingine. Walipatana mapema. Leo yuko getini, kwenye benchi, anaandikisha malori. Anajua namba za magari kwa kichwa. Kampuni yenyewe inasema foleni imepungua.

Meza yetu ipo pale mlangoni, na wasaidizi wa kisheria wote walioko humu watakaa nasi mpaka wa mwisho ahudumiwe. Waliopokea barua ya kuachishwa ndani ya mwezi huu wapite mbele kwanza, hata kabla ya chai, maana siku zao zinahesabika. Walio bado kazini waje na jina la lindo lao na kile wanachohitaji, tuandike barua hapa hapa, karatasi tunazo. Mama mwenye bahasha aje nayo kama ilivyo, asipange kitu.